Naenda Tucson (Arizona) mwezi wa saba, nifikie wapi? Na kwa nini hoteli za kifahari zimeshuka bei hivi?

#1 Kisiki_cha_Mpingo
Wakuu, salaam. Nampeleka bi mkubwa Tucson, Arizona, kumwona mjukuu wake. Mdogo wangu anasoma pale chuo kikuu, kajifungua mwezi wa tano, anakaa chumba na sebule mitaa ya chuoni. Bi mkubwa atalala kwake na mtoto, hilo halina mjadala. Asiye na pa kulala ni mimi. Kochi lao nimeliona kwenye video, ni la watu wawili wanaopendana sana.

Siku 14 kuanzia tarehe 8 mwezi wa saba. Uwezo wangu dola 100 kwa usiku, nikijikaza 120. Gari sitaendesha, kule wanapita kulia na mimi Tabata penyewe napata shida.

Nimepekua mtandaoni. Moteli karibu na uwanja wa ndege, 70. Hoteli ya kawaida karibu na chuo, 105. Halafu hapa ndipo nilipovua miwani nikaifuta: hoteli ya kitalii chini ya mlima upande wa kaskazini, mabwawa matatu, viwanja vya gofu, dola 119. Hiyohiyo nikiweka tarehe za mwezi wa pili inasoma 410. Chumba kilekile, picha ileile ya kitanda chenye mito minane. Kuna nini hapo? Nichukue au ni mtego?

#2 Kichwa_Ngumu_II
Kuna joto. Nimemaliza, funga uzi.

#3 FundiUmeme_Phx
Kichwa Ngumu kasema kweli ila kala maneno. Niko Phoenix mwaka wa 11, kazi yangu ni AC. Tucson mwezi wa saba mchana ni nyuzi 38, siku mbaya 42. Rekodi yao ni 47, Juni 1990. Wako juu kidogo, mita 700 na ushee, kwa hiyo wanatushinda ubaridi kwa nyuzi mbili tatu na hawaachi kutukumbusha. Sasa mtu gani anatoka Chicago kuja kupiga gofu kwenye hilo tanuri? Bei lazima ianguke.

Ila hiyo 119 isome mpaka chini. Hoteli za kitalii zina ada yao ya kila siku, eti ya bwawa, taulo na intaneti, hata kama hujalowesha kidole. Thelathini, arobaini. Halafu kodi.

#4 Mwanafunzi_Jangwani
Fundi, hapo kwenye ada nikurekebishe kidogo. Tangu Mei 2025 kuna kanuni ya serikali kuu inayowalazimisha waonyeshe ada za lazima ndani ya bei ya kwanza unayoiona. Kodi ndiyo bado inaweza kuja mwishoni. Kisiki aangalie ni tovuti gani na ana hakika bei ni ya chumba kizima.

#5 Bint_Chwaka_Muscat
Asalaam aleikum. Mimi nakaa Muscat na joto nalijua kwa jina la baba yake. Arobaini ya huku na arobaini ya huko si ndugu. Huku hewa imebeba bahari, ukitoka nje miwani inashika ukungu. Arizona nilikwenda Juni, jasho hulioni kabisa, linakauka kabla halijatiririka, unadhani uko salama kumbe maji yamekwisha mwilini. Bi mkubwa asisubiri kiu. Awe na chupa mkononi kama tasbihi.

Ama bei, mimi sikubali kwamba ni joto peke yake. Na huku hoteli zinashuka kiangazi, lakini si kutoka 410 mpaka 119. Kuna kitu kinaipandisha Februari.

#6 Mwanafunzi_Jangwani
Bint Chwaka kagusa penyewe. Nilisoma pale miaka minne. Kuanzia mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari kuna maonyesho ya vito na madini, dunia nzima inahamia Tucson. Moteli za kando ya barabara kuu ya I-10 zinatoa vitanda nje, chumba kinageuka duka. Unapita koridoni, mlango huu mawe ya Brazili, ule wa pili mtu wa Jaipur, wa tatu tanzanite yetu ya Mererani kwenye vikasha vyeupe. Hata ile itifaki ya biashara ya tanzanite, baada ya zile habari za 2001 za kuihusisha na magaidi, ilitiwa saini hukohuko Tucson Februari 2002. Mawe yakiisha inaingia rodeo, michezo yao ya farasi na ng'ombe, na shule zinafungwa siku mbili kwa ajili ya farasi.

Kwa hiyo swali liko kichwa chini. Julai ndiyo bei yenyewe, Februari ndiyo wizi.

#7 MtotowaBukavu
Jambo kwenu wote. Mimi mtu wa Bukavu, niko Tucson tangu 2016, nafanya usafi wa vyumba hotelini (siitaji, bado nakula kwao). Nyote mmesema nusu.

Vito ni wiki mbili na kitu. Mbona Machi nayo ghali? Ni wazee. Baridi ikianza kwao Minnesota na Kanada wanashuka huku, Aprili wanaondoka. Wakiondoka tunafunga ghorofa nzima, tunakata na umeme, wasafishaji 14 tunabaki 6, wengine wanaambiwa subiri Oktoba. Sasa anayebaki analala kwenye hoteli hizo Julai ni nani? Watu wa hapahapa Tucson na Phoenix, wanaleta watoto waogelee Ijumaa mpaka Jumapili. Kaka Kisiki, weka tarehe za Jumatatu na tarehe za Ijumaa uone, bei si moja.

Lakini mnajadili bei, hamjamuuliza atafikaje kwa dada yake. Kule chini ya mlima basi ni la kutafuta kwa tochi. Nauli waliiondoa 2020, mpaka leo tunapanda bure, sawa, ila bure ya basi lisilopita mtaani kwako utaifanyia nini. Utaita gari kwa simu, dola 20 na kitu kwenda, nyingine kurudi.

#8 Kisiki_cha_Mpingo
Asante dada (au kaka?). Nimepiga hesabu: chumba, kodi, teksi kwenda na kurudi, naikaribia 180. Na hapo sijala. Bwawa la tatu nitaliogelea lini?

#9 MtotowaBukavu
Ni mama, watoto wanne. Mama Bukavu inatosha.

#10 Omondi_wa_Lori
Nyinyi mnateseka bure. Mimi napitisha semi I-10 kila wiki, Tucson ni mji mdogo, kila kitu dakika 20. Lala moteli karibu na airport, 70, pesa inayobaki kodi gari. Kuendesha kulia unazoea siku ya pili, mimi nilitoka Kayole nikazoea.

Na ukiteremka Nogales kuona mpaka wa Mexico, barabara ya I-19 vibao vyake vya umbali viko kwa kilomita. Kati ya barabara kuu za Marekani zenye herufi I ndiyo pekee ya aina yake, utajihisi nyumbani. Ila beba pasipoti yako yenyewe, wakati wa kurudi kuna kizuizi cha maafisa wa mpaka njiani.

#11 FundiUmeme_Phx
Dakika 20 saa 8 usiku ukiwa na lori, Omondi. Pale hakuna barabara kuu inayokata mji kutoka mashariki kwenda magharibi, ni taa nyekundu mwanzo mwisho. Na karibu na uwanja wa ndege kuna ndege za kivita za jeshi la akiba, halafu upande wa pili kambi ya Davis-Monthan. Asubuhi zinapaa mbili mbili. Mtoto mchanga hayupo huko, lakini na mjomba mtu anahitaji usingizi.

#12 Mwanafunzi_Jangwani
Mimi ningemjibu Kisiki kwa neno moja: reli. Kuna tramu, Sun Link, imeanza 2014, kilomita sita tu. Inatoka hospitali ya chuo, inapita getini kwa chuo, Fourth Avenue, katikati ya mji, inavuka chini ya I-10 na kuishia mtaa wa Mercado chini ya kile kilima chenye herufi A. Chora mstari huo kwenye ramani, usilale mbali nao zaidi ya dakika tano za miguu. Julai wanafunzi hawapo, vyumba vipo. Kwa mtu asiye na gari mji mzima wa Tucson ni huo mstari, kwingine kote ni picha.

#13 Mgogo_wa_Kongwa
Nakubaliana na reli, ila mtu asimfiche habari ya treni. Si tramu, TRENI. Mizigo, mabehewa mia na kitu, inapita katikati ya mji na honi juu. Nililala siku nne kwenye hoteli moja pale kati, chini muziki mpaka saa 8 usiku, muziki ukizima treni inapokea. Asubuhi naulizwa nimelalaje, nikasema sijafika huko.

Siku ya tano nikahamia Barrio Viejo, kusini kidogo ya katikati ya mji. Hapo ndipo niliposhtuka. Nyumba za udongo, tofali bichi la kukausha juani, ukuta mnene kama mkono wangu mpaka kiwikoni, paa bapa. Wakuu, hizo ni tembe! Tembe za kwetu kabisa, wamezipaka rangi ya bluu na waridi, usiku mmoja dola 130. Wakazi wanasema zamani mtaa ulikuwa mkubwa, serikali ikabomoa sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ya sitini kujenga ukumbi wa mikutano. Mimi nilipanga nyumba ndogo nyuma ya mama mmoja wa Kimexico, nikaishi kwa raha wiki nzima.

#14 Kichwa_Ngumu_II
Mgogo, rudia hiyo sentensi ya mwisho taratibu. Shemeji yuko humu jamvini?

#15 Mgogo_wa_Kongwa
Nyumba ya UANI. Banda la uani. Mmeniharibia siku.

#16 Bint_Chwaka_Muscat
Umekwishasema, Mgogo. Nyumba ndogo ya Kimexico, dola 130 kwa usiku. Tutatunza siri.

#17 FundiUmeme_Phx
Kabla hamjamzika, swali la kazi: hiyo nyumba ya uani ilikuwa na AC au kipoza maji? Kwa sababu matangazo yote yanaandika "ina ubaridi" na mgeni hajui tofauti. AC ni AC. Kipoza maji ni lile sanduku kubwa juu ya paa, ndani pedi zinaloweshwa, feni inavuta hewa ya nje kupitia pedi na kuileta ndani, na dirisha lazima uliache wazi kidogo hewa itoke. Mei na Juni, hewa ikiwa kavu kama biskuti, kinapoza vizuri na umeme kinatumia kidogo. Julai unyevu wa mvua ukiingia kinakuwa kinalowesha hewa tu.

#18 Mgogo_wa_Kongwa
Duh. Fundi, hicho ndicho kilichonikuta na nilikuwa nalaumu mzimu. Siku tatu za kwanza safi. Tarehe 5 Julai mawingu yakajikusanya, usiku ule shuka likawa kama limetolewa kwenye beseni. Chumvi kwenye kikopo ikawa jiwe. Pasipoti yangu ilikunja kona, mpaka leo afisa uhamiaji huitazama mara mbili. Ukuta wa tembe ulikuwa umetimiza wajibu wake, kilichoniangusha ni lile sanduku.

#19 Omondi_wa_Lori
Mvua? Kwani si jangwa?

#20 MtotowaBukavu
Omondi unapita na madirisha yamefungwa. Karibu nusu ya mvua yetu ya mwaka inashuka Julai mpaka Septemba. Kwa mwaka mzima haifiki milimita 300, lakini inakuja kwa hasira. Saa 10 jioni unaona wingu jeusi limekaa juu ya milima ya Catalina, upepo unageuka, kunanuka ule mti wao wa jangwani, harufu ya dawa fulani hivi, mara moja barabara ni mto. Mito ya hapa ni mchanga mtupu miezi kumi, watu wanatembeza mbwa ndani yake. Ikishuka maji ni ya kahawia, yamebeba matawi na mapipa ya takataka. Na kuna sheria: ukipita kizuizi ukaingia kwenye maji ukakwama, gharama za kuokolewa ni zako.

Kaka Kisiki, chumba cha chini kilicho kando ya korongo usichukue, hata picha ikivutia.

#21 Kisiki_cha_Mpingo
Mnanitisha na kunielimisha kwa pamoja. Kwa hiyo: kando ya tramu, mbali na treni, AC si sanduku, ghorofani. Swali jingine, mdogo wangu anasema usiku mitaa ni giza. Nikitoka kwake saa 3 usiku kutembea dakika kumi ni salama? Mji wa nusu milioni Marekani unakosaje taa?

#22 Kichwa_Ngumu_II
Pesa imeisha. Hakuna siri.

#23 Mwanafunzi_Jangwani
Si pesa, ni nyota. Kitt Peak, ule mlima wenye kituo cha darubini kubwa tangu 1958, uko magharibi ya mji. Wanaanga wakaomba taa zipunguzwe, sheria ya kwanza ikapita 1972, taa zielekezwe chini, zisiangaze juu. Chama cha kulinda giza la anga kilianzishwa hapohapo Tucson 1988. Ukiwa katikati ya mji unaona nyota ambazo Kariakoo hujawahi kuziota.

#24 MtotowaBukavu
Mwanafunzi, hiyo tunaambiwa kila siku. Sheria inasema taa itazame chini, haikusema taa isiwepo. Mtaani kwetu taa ikifa inakaa miezi. Kule kwa matajiri chini ya mlima hakuna taa na hakuna hata njia ya miguu, wenyewe ndio hawataki, wanasema wanapenda kuishi kama shamba. Giza ni moja, sababu tatu.

#25 Bint_Chwaka_Muscat
Hata mkibishana, anunue tochi. Na avae viatu vya kufunika, si ndala. Nge wa kule ni wadogo, rangi ya mchanga. Nilikofikia mwenye nyumba alinipa tochi ya mwanga wa zambarau, ukimmulika nge anang'aa kijani kama chupa. Niliwahesabu watatu kwenye ukuta wa uani, nikarudi ndani nikalala na soksi.

#26 FundiUmeme_Phx
Jambo jingine lisilosemwa: kadi. Moteli moja niliyolala ilishika dola 100 ya dhamana kwenye kadi yangu ya benki ya kawaida, ikairudisha siku ya tisa. Nilikuwa na hela, lakini sikuwa nazo. Uliza kabla ni kiasi gani na inaachiwa lini. Na simu nyumbani: tofauti na Dar ni saa 11.

#27 Mwanafunzi_Jangwani
Saa 10, Fundi, mwaka mzima. Arizona haibadilishi saa tangu 1968, hapo unaishi na hujui? Dar saa 2 usiku, Tucson saa 4 asubuhi.

#28 FundiUmeme_Phx
Nimepiga ya California ya majira ya baridi. Samahani.

#29 Omondi_wa_Lori
Mbona hakuna aliyetaja kulala juu mlimani? Mount Lemmon, mita 2,700 na zaidi, kuna kijiji cha Summerhaven, vibanda vya mbao, misonobari. Mjini 40, juu 24.

#30 MtotowaBukavu
Kilomita 43 za kona, hakuna basi, na yeye hana gari. Mama mzee amebeba mtoto begani, mjomba yuko mawinguni anakula biskuti? Apande Jumapili moja tu na watu wenye gari. Kanisani kwetu tunaongea Kiswahili, Warundi, Wakongo, wa Kigoma wapo pia, hatakosa lifti.

#31 Kisiki_cha_Mpingo
Mama Bukavu ubarikiwe. Unga je? Bi mkubwa hawezi siku 14 bila ugali. Nimeona kuna unga wa mahindi wa Kimexico kila duka.

#32 Mgogo_wa_Kongwa
USITHUBUTU. Ule wameuchemsha mahindi na chokaa kabla ya kusaga. Unasonga, unasonga, inakuwa gundi yenye harufu ya chapati zao. Niliupika kwenye ile nyumba ya uani, mwiko ulisimama wenyewe.

#33 MtotowaBukavu
Kweli. Nenda maduka ya Waafrika, unga mweupe upo, wa muhogo upo. Sisi bugali tunachanganya yote miwili. Chukua chumba chenye jiko na sufuria, si maikrowevu peke yake, hapo ndipo pesa yako itabaki.

#34 Kisiki_cha_Mpingo
Mrejesho wakuu, niko Tucson siku ya tisa. Nilipata chumba cha ghorofa ya pili, vituo viwili vya tramu kutoka kwa mdogo wangu, dola 98 na kodi ndani, jiko la vichwa viwili, AC ya dirishani inayonguruma kama daladala ya zamani. Honi ya treni naisikia kwa mbali saa 9 usiku, nimeshaanza kuisubiri. Ndege za kivita zinapita juu vilevile, Fundi, hazikuishia uwanja wa ndege.

Bi mkubwa hana habari na hoteli wala nyota. Anaamka saa 11, anafua nguo za mtoto, anasema nguo ya kwanza inakauka kabla hajafika mwisho wa kamba. Jana kauliza kama hapa kuna dagaa, maana jua hili linapotea bure.

Sasa ile hoteli ya 119. Jumamosi lifti ya kanisani ilinipitisha, nikashuka kuuliza. Maegesho yamejaa, na gari moja kati ya tatu lina namba za Sonora, Mexico! Kwa hiyo si wenyeji wa Tucson, ni Wamexico. Mhudumu wa mapokezi naye akaniambia bei inashuka kwa sababu Julai wanakarabati viwanja vya gofu.

#35 MtotowaBukavu
Wamexico wanakuja kufanya manunuzi mwaka mzima, hata Februari. Hawashushi bei wala hawapandishi. Na gofu huyo mhudumu ni mgeni, nyasi za baridi wanazipanda mwisho wa Septemba.

#36 Mwanafunzi_Jangwani
Bado nasema Februari ndiyo ya kuulizwa.

#37 Kichwa_Ngumu_II
Joto. Nilisema post ya pili. Kisiki, bwawa umeogelea?

#38 Kisiki_cha_Mpingo
La hapa kwangu, la dola 98. Niliingia saa 9 mchana. Maji ya chai, yamekosa majani tu.